Mwalimu Aliyekanyaga Silabi

Wapendwa waombolezaji, mlioacha shughuli zenu mkaja hapa Nakwa, familia inawasomea maisha ya Mwalimu Sosthenes Tluway, aliyezaliwa tarehe 12 Agosti 1959 huko Daudi, Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Pantaleo Tluway, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari, na mwaka 1983 akahitimu ualimu wa Kiingereza.

Januari 1984 aliajiriwa katika sekondari moja ya Bagara, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2019, na waliopita mikononi mwake hawajasahau alivyolikatakata neno refu kama university, makofi matano kwa silabi tano, na kwenye ya tatu, penye mkazo, mguu chini kwa kishindo, na ole wake aliyekanyaga ya nne kwa mazoea ya Kiswahili, maana angerudia hadi vumbi la darasa limfike magotini.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na Mektilda Damasi katika Kanisa Katoliki hapa Babati, na mwaka 1988 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, Anjela.

Tarehe 3 Februari 2023 alipata kiharusi, kikamlemaza upande wa kulia na kumnyang'anya sauti, na Mama Anjela, ambaye shauku yake ilikuwa moja tu, kumsikia mumewe akisema tena, akaanza kumfundisha kwa mtindo wa Mwalimu mwenyewe, mama akipiga makofi, Mwalimu akikanyaga kwa mguu wa kushoto, na mguu haukukosea kamwe, ila neno halikutoka. Jirani yao, Mama Sabrina, alimwambia, Mama Anjela, si muanze na maneno mafupi, aseme hata maji, lakini kila lilipotajwa neno fupi Mwalimu aligeukia ukutani, kwa kuwa, tuseme ukweli, alikuwa mbishi, na miaka miwili ikapita hivyo.

Jumapili tarehe 18 Mei 2025, jioni, alichoka kubisha, akakubali jina la mkewe, akakanyaga silabi ya kati, midomo ikahangaika, ikatoka "Mek", kwa sauti yake ileile nzito, Mama Anjela akalia kwa furaha, akamwambia, Baba Anjela, kwa leo inatosha, kesho tutamalizia, na alfajiri ya Jumatatu akamkuta ametutoka. Linalomuuma hadi sasa ni kwamba alimkatiza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani, hasa Mama Sabrina, aliyefunga duka lake tangu msiba ulipotokea ili atupikie. Mwalimu, mkeo anasema usihangaike, jina lake alilisikia lote. Pumzika kwa amani.