Shangazi Hadubini na Kirusi Kilichoziba Seli Midomo

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1958, kifungua mimba wa fundi simu na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili kando ya reli. Mwaka 1967 surua ilimchukua mdogo wake wa kike. Watu wazima walilia. Yeye aliuliza kwa nini mwili wa mtoto haukujitetea. Hakupata wa kumjibu, na swali hilo likamkaa rohoni.

Alihitimu biolojia chuo kikuu mwaka 1982, na shahada ya uzamivu mwaka 1990. Tangu hapo hadi kustaafu alikuwa katika maabara ileile, akichunguza jinsi virusi vinavyokwepa ulinzi wa seli zetu. Watoto wa mdogo wake wa kiume, waliompachika jina la Shangazi Hadubini, aliwaeleza kwamba seli ikivamiwa hupiga mbiu, jirani zake wakajifungia. Kirusi mjanja huiziba mdomo kwanza.

Aliolewa mwaka 1986 na mhandisi wa madaraja. Mume alipopata kazi ng'ambo, marehemu alibaki na seli zake za maabara, ambazo hufa zisipolishwa hata siku za sikukuu. Waliachana mwaka 1994 bila kugombana. Hawakujaliwa mtoto.

Jumapili moja ya mwaka 2003 hatimaye alipata jibu: kirusi kilikuwa na protini inayoikamata ile ya seli ya kupigia mbiu na kuiangamiza. Jengo zima lilikuwa tupu. Alimpigia mdogo wake, simu haikupokelewa. Akashuka hadi kwa mlinzi wa getini.

"Nimejua kinavyoziba mdomo," akamwambia.

Mlinzi, akidhani amefiwa, akampa pole nyingi na kiti, wakanywa chai. Kisa hicho alikisimulia kwa kicheko miaka yote. Mdogo wake, ambaye hakupokea simu ile, hakuwahi kukicheka.

Leo chanjo iliyotokana na ugunduzi huo inajaribiwa.

Mwaka 2020 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alinyamaza, akawa anajipeleka hospitali na kujirudisha. Mdogo wake alipojua, alimwuliza sababu.

"Sikutaka kuwakatizia shughuli zenu."

"Dada, wewe ndiye shughuli yenyewe."

Aliondoa begi lake kitandani ili mdogo wake apate pa kukaa.

Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Machi 2021, nyumbani kwa mdogo wake. Ameacha mdogo wake huyo, wifi yake, sisi watoto wao wawili, na aliyekuwa mume wake, aliyefika jana na sasa ameketi safu ya nyuma. Mzee wetu, tunakuomba usogee mbele.

Shangazi, pumzika kwa amani. Tupo hapa sote.