Bomba la Moshi la Bekari

Nilikaa nyuma ya watu wawili kwenye basi, na sikuhitaji kutega sikio, maana mama yule mwoka mikate alikuwa na sauti ya kuitia wateja. "Mwanangu, ile bekari ya zamani haibomolewi tena. Mtaa mzima tulipanga foleni mlangoni siku nne, kama tunasubiri mkate. Jana barua imekuja, jengo libaki."

"Naijua foleni yenu, mama," akasema jamaa aliyeketi kando yake, taratibu. "Dereva wa tingatinga nilikuwa mimi."

Mama, kapu lake magotini, alimkagua kuanzia viatu hadi kofia. Nadhani alikuwa anatafuta vumbi.

"Lakini bomba lenu la moshi limeinama," jamaa akaendelea. "Mkiwasha tanuri litawaangukia."

"Limeinama tangu nikiwa binti."

"Sasa limezidi. Siku nne nilikuwa nalitazama lile tu, kwani mliniacha nifanye kazi gani?"

"Basi shuka nami uwaonyeshe mafundi wetu."

"Kituo changu kiko mbele, mama."

"Hata sisi siku zile nne tulikuwa na pa kwenda."

Basi likasimama kituo cha mama, wakashuka wote wawili. Jamaa alikuwa bado anabisha kuhusu bomba, lakini kapu la mama alikuwa amelibeba yeye.