Vigingi vya Mwalimu Tusajigwe

Kijiwe chetu kiko mbele ya genge la Lusia, hatua chache kutoka mashine ya kukoboa mpunga, kando ya barabara inayokwenda Rujewa. Ni benchi moja tu, mguu wake wa nyuma ulivunjika tukauwekea tofali, na kuanzia saa moja asubuhi hapo humkuti mtu anayesema "sijui." Mizani, ambaye kwao aliitwa Jailos, anapima magunia pale mashineni, na kwa sababu hiyo anaamini kila kitu duniani kimeshapita mikononi mwake. Redio ni Anania, mwenye redio isiyo na betri tangu Sabasaba. Anatembea nayo hivyo hivyo, habari anazitoa mwenyewe. Mimi wananiita Sindano, maana cherehani yangu iko hapo hapo barazani kwa Lusia. Ilikuwa Novemba ya mwaka sabini na sita, mawingu yamejaa upande wa Chimala, na kwa siku ya tatu mfululizo tulikuwa tunamchambua mwalimu mgeni, binti wa Tukuyu anayeitwa Tusajigwe, aliyejaza kiwanja cha shule vigingi na kamba.

Mizani: Lusia, tia kahawa. Nimetoka kupita shuleni sasa hivi. Vimeongezeka.

Lusia: Vimeongezeka nini?

Mizani: Vigingi, mama. Jana nilihesabu arobaini. Leo vimefika kwenye zizi la Nkuba.

Redio: Na kamba?

Mizani: Kamba zinakwenda hivi, nyingine zinakatiza hivi. Kiwanja kizima kimekuwa vyumba vyumba. Na katikati kuna mtoto amesimama, ameshika kibao, wanasema yeye ndiye sifuri.

Lusia: Si wanafundishwa hesabu hao? Mwanao Matilda yumo darasa la sita, Redio. Muulize.

Redio: Nimuulize mtoto? Mimi hesabu nimeisoma kwa mapadri mpaka darasa la nne. Hesabu ni ng'ombe watano toa wawili. Kigingi kinaingia wapi hapo?

Mizani: Ualimu wenyewe wa siku hizi tunaujua. Anapelekwa semina Iringa wiki mbili, anarudi na chaki na kiburi.

Redio akachomoa daftari la Matilda mfukoni mwa koti. Alikuwa amelichukua asubuhi, "kwa uchunguzi," na mtoto kaenda shule mikono mitupu. Tulilisoma watu watatu, vichwa vimegongana.

Redio: Sikilizeni. "Umbo liko mahali hapa. Lihamishe hatua tatu kulia na mbili mbele. Je, limekaa wapi sasa?" Halafu kachora kibanda, na kibanda kingine kule.

Mizani: Kibanda kimehama.

Redio: Na hapa: "Kushoto kwa sifuri kuna moja, yenye kistari."

Mizani: Kushoto kwa sifuri hakuna kitu! Mizani yangu ikifika sifuri, imefika. Ukimwona mtu anapima chini ya sifuri, shika gunia lako vizuri.

Redio: Ukisimama pale kwa yule mtoto, kushoto ni kwa nani?

Mizani: Kwa Nkuba.

Redio: Basi.

Hapo niseme jambo kwa ajili ya wageni. Mwaka sabini na nne, wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini, watu walikuja hapa na vigingi na kamba za namna hii hii. Walivichomeka Jumatatu, na wiki iliyofuata tulikuwa barabarani na vitanda kichwani. Ndiyo maana kwetu mtu akiona kigingi hakumbuki mbuzi, anakumbuka kuhama. Nkuba, Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga na kujenga karibu na mto, yeye alisubiri aambiwe. Nyumba yake iliangushwa na bati zikiwa juu, zikapindana zote, hakuna hata moja iliyofaa kufunikia kuku. Amelima mpunga miaka miwili ndipo akaezeka tena, hapa kando ya kiwanja cha shule.

Na jana yake, tulipokuwa tunayasema haya, Nkuba alikuwa amekaa pale mwisho wa benchi, akisikiliza, na kikombe mkononi.

Mizani: Mimi nilisema tangu Jumatatu. Hii ni Operesheni ya pili. Kwanza vigingi, halafu watu.

Redio: Operesheni gani! Ni Wachina. Wanarudi kuweka reli ya pili.

Mizani: Ya wapi?

Redio: Chunya. Dhahabu ya Chunya itabebwa na nini, na punda? Zile kamba ndizo njia ya reli, na vile vyumba ni stesheni. Watoto wanatembezwa wazoee.

Lusia: Stesheni arobaini kwenye kiwanja cha mpira.

Redio: Mama, wewe uza kahawa.

Mizani: Na ile ya kugeuza? Ukurasa huu hapa unasema umbo ligeuzwe upande wa pili wa mstari, kama kwenye kioo.

Hapo nikaacha cherehani. Fundi cherehani asiposema kuhusu kugeuza, atasema nani?

Mimi: Hiyo naijua. Ni kama kugeuza koti. Mstari ni barabara. Wa huku watapelekwa kule, wa kule waletwe huku. Kijiji kizima kinageuzwa bitana nje.

Mizani: Mashine nayo?

Mimi: Mashine nayo.

Redio: Sasa wewe, Sindano, ndiyo umesema.

Mimi: Na ule mstari wa mwisho niliuangalia jana kwa jicho la fundi. Mimi sihitaji rula. Ukiunyoosha unaingia mlangoni kwa Nkuba na kutokea dirishani. Nilimwambia hapa hapa, mkisikia.

Mizani: Tulisikia. Hata kahawa hakumaliza.

Redio: Msukuma mzito kuelewa, lakini akielewa ameelewa.

Tulicheka. Tulikuwa bado tunacheka tuliposikia mkokoteni wa ng'ombe unapiga kelele za bati, na Nkuba mwenyewe akatokea kwenye kona ya mashine. Juu ya mkokoteni kulikuwa na bati kumi na nane zimefungwa kwa kamba, milango miwili, na kitanda. Nyuma alikuja mkewe Regina na mtoto mchanga mgongoni, na binti yao Helena, wa darasa la sita, ameshika mguu mmoja wa kitanda kisidondoke.

Nkuba: Kamwene, wazee.

Mizani: Kamwene, Nkuba. Safari hii?

Nkuba: Nimeezua. Nimeanza kulipokucha. Mara ile nilisubiri, bati zikafa. Leo sikusubiri mtu.

Mizani: Huyo ndiye mwanaume! Wengine tutakutwa tumelala.

Nkuba: Sasa nimekuja kuuliza. Wazee mnajua mambo. Tunapelekwa wapi?

Hebu fikiri. Mtu amevua paa lake mwenyewe kwa maneno yetu, amekuja kuuliza maneno yaliyobaki, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona haya.

Redio: Chunya. Huko reli inakokwenda.

Mizani: Chunya kuna nini, vumbi na tumbaku? Watampeleka Ruaha Mbuyuni, alime vitunguu. Barabara kuu iko pale, wakubwa wanapenda watu waonekane barabarani.

Nkuba: Ng'ombe wangu watakula vitunguu?

Redio: Ng'ombe watazoea.

Regina: Baba Helena, hawa wameambiwa na nani?

Mizani: Mama, vigingi haviambii. Vinaonyesha.

Lusia aliweka birika chini. Akamtazama Regina, akatazama mawingu, kisha akaingia ndani na kutoka na kigoda, akampa akae. Afadhali angetutukana.

Mizani alikuwa anaeleza namna ya kupanda vitunguu, kitu ambacho hajawahi kukipanda, wakati mwalimu Tusajigwe alipokuja. Alikuja haraka, gauni limejaa chokaa, mkononi ana kigingi kimoja na kibunda cha kamba.

Mwalimu: Shikamooni, baba zangu.

Tuliitika marahaba, Mizani akiitikia juu juu.

Mwalimu: Baba Helena, nashukuru nimekukuta. Nilifikiri mtoto anaumwa.

Nkuba: Haumwi, mwalimu. Huyu hapa.

Mwalimu: Leo nilimhitaji sana. Umbo letu lina kona nne, kila kona mtoto mmoja anashika kamba. Yeye ni kona ya nne. Wenzake watatu wamesimama uwanjani wananisubiri, umbo halifungi.

Nkuba: Utusamehe, mwalimu. Sisi tunahama.

Mwalimu: Mnahamia wapi?

Nkuba: Hapo ndipo wazee wananisaidia. Mmoja anasema Chunya, mmoja Ruaha Mbuyuni.

Mwalimu: Na nani amewaambia mnahama?

Mizani akachungulia kikombe chake, na kilikuwa kitupu. Redio akazungusha kitufe cha redio isiyo na betri. Mimi nilishika uzi nikaupeleka kwenye tundu la sindano, kazi ninayoifanya miaka ishirini nimefumba macho, ukapita pembeni. Nikaupeleka tena, ukapita pembeni.

Nkuba: Si vigingi vyako, mwalimu? Mstari unaingia mlangoni kwangu.

Mwalimu: Vile ni vya darasa la sita, baba. Zinatakiwa karatasi zenye miraba, na shule haina hata moja. Nikasema basi uwanja wenyewe uwe karatasi. Vimefika kwenye zizi lako kwa sababu uwanja umeishia hapo. Nilipaswa kuja kupiga hodi. Sikupiga. Nisamehe.

Nkuba: Kwa hiyo hakuna anayehama.

Mwalimu: Hakuna, baba. Ni kibanda cha kamba tu kinachohama.

Nilitegemea atapiga kelele. Ningependa apige kelele. Nkuba alikaa pembeni ya gurudumu la mkokoteni wake, akavua kofia, akamuuliza mwalimu taratibu, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Nkuba: Hicho kibanda chako, kikihama, kinafikaje?

Mwalimu: Kama kilivyo. Urefu ule ule, pembe zile zile. Kila kona inakwenda hatua sawa na mwenzake.

Nkuba: Hakiachi kitu nyuma?

Mwalimu: Hakiachi.

Nkuba: Na ukikirudisha?

Helena: Unarudi hatua tatu kushoto na mbili nyuma, baba. Kinakaa pale pale kama hakikutoka.

Mwalimu: Vizuri, Helena.

Mtoto alijibu huku bado ameshika mguu wa kitanda. Lile jambo tulilolisaga siku tatu kwa Wachina na dhahabu, mtoto amelimaliza kwa pumzi moja. Niliona aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Nkuba alinyanyuka, akapapasa bati ya juu. Kando kando yake yalikuwapo matundu ya misumari, mengine yamechanika kwa haraka ya kuezua, yanaingia kidole. Tone la kwanza la mvua likadondoka juu yake, likapita tundu moja bila kusimama.

Nkuba: Sindano.

Mimi: Naam.

Nkuba: Wewe ni fundi. Bati hizi nikizirudisha juu, haya matundu yatakwenda wapi?

Nilimgeukia Mizani, Mizani akamgeukia Redio, na Redio akaanza kulifunga daftari la Matilda ndani ya koti lisilowe.

Matone yakawa mengi. Nkuba hakusubiri jibu, akawageuza ng'ombe. Mwalimu akatupa kibunda cha kamba juu ya mkokoteni, wakaondoka mbio kuelekea kwenye ile nyumba isiyo na paa, Regina akimfunika mtoto kwa kanga. Kutoka kijiweni unaiona ile nyumba vizuri, ingawa asubuhi nzima macho yetu yalikuwa kwenye vigingi na daftari. Tuliwaona wakifika, wakashusha bati ya kwanza na kuibeba juu ya vichwa vyao, Nkuba kona moja, Regina kona moja, mwalimu kona moja, na Helena ile ya nne. Walikwenda sawasawa, hatua kwa hatua, mpaka ukutani.

Lusia alitoka na turubai lake la kufunikia meza. Akakusanya vikombe vitatu, akamwaga chini kahawa iliyokuwa imebaki kwenye birika, mbele ya miguu yetu.

Mizani: Lusia! Bado tunakunywa.

Lusia: Imekwisha.

Akajitwika turubai akawafuata. Sisi watatu tukasogea karibu karibu chini ya baraza, penye paa zuri lisilovuja.