Nani Ameanika Nguo za Shemasi?

Weka mkono kifuani uape hili halitoki. Umeapa? Mimi nami niliapa, tumbo likanifura kwa kuliweka. Basi aliyekuwa akitoa nguo za watu kwenye mashine za kukaushia ni Bi Mahfudha, yule Mmombasa anayeleta dele la kahawa kwenye benchi la nje ya chumba cha kufulia, apatimenti zile za Euless, huku Marekani, ambako ndege zikipita vikombe hutetemeka. Si mwizi. Ila kuona kitenge kikizungushwa motoni humkereketa roho, kama anayeona kuku akichomwa hai. Hukitoa, pamoja na chochote kilichomo, akaanika kwa vibanio nje kwenye seng'enge. Ijumaa alianika za Shemasi Siméon, chupi zake mstari mmoja, kwaya ikipita kwenda mazoezini.

Jumamosi mchana benchi likawaka.

— Ni Kicheko, alisema Shemasi, funguo za gari mkononi. Ndiye alicheka.

Kicheko ni Heritier, aliyetoka kambi ya wakimbizi majuzi. Hana gari, hubebwa na Shemasi hadi kazini kwao, ghalani Fort Worth. Buti za kazi zilikuwa tayari miguuni.

— Papa Siméon, kila mtu alicheka. Hata pasta.

— Pasta alikohoa! Leo utaenda kwa miguu. Gari yangu haibebi mwenye kunidharau.

— Kwa miguu mpaka Fort Worth? Banifukuze kazi?

— Ukacheke nao.

Bi Mahfudha alimimina kahawa, nusu ikaenda kwenye kisahani. Kusema ni rahisi, alijiambia. Kuishi hapa baada ya kusema ndio kazi. Redio angefikisha habari hadi Houston kabla ya magharibi. Redio ni Abdulhalim, dereva wa teksi; umbea hupanda kwake bure.

— Wahenga wamenena, alisema Redio, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

— Hiyo inahusu nini na chupi zangu?

— Tulia ifike. Huyu ni mtu wa kwaya anayetaka ushemasi wako. Kakuvua hadharani!

— Placide, alisema Shemasi polepole. Wa sauti ya nne.

— Au ofisi ya hizi apatimenti, aliongeza Redio. Wanatupima, wajue Waafrika tukikasirika tunafanyaje.

— Mbona mnamwacha rakuni? alidakia Bi Mahfudha. Yule mnyama wa jaani ana vidole kama mtu.

— Na vibanio alitoa wapi, Bi mkubwa? aliuliza Kicheko.

— Mwanangu, Marekani huijui wewe. Nyamaza tukusaidie.

Hapo akafika mama mmoja na kapu la nguo kiunoni, Josiane, aliyehamia wiki hii. Alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani. Hizo nguo zilipotea?

— Hapana, mama.

— Zilichanika?

— Zilikauka, alisema Shemasi. Hata zilinyooka.

— Sasa shida iko wapi?

Redio alichungulia kikombe chake. Ndege ikapita juu, wote wakajifanya wanangoja imalize kelele zake. Ikamaliza.

— Miye nangoja vitenge vya mke wangu Cécile vikauke, alisema Shemasi mwishowe, hamtazami Kicheko. Nimeweka moto wa mwisho, viishe mbio. Kisha naenda. Peke yangu.

Kicheko aliinama kulegeza kamba za buti.

Bi Mahfudha alizitazama zile kamba. Halafu lile neno likamrudia: moto wa mwisho. Vitenge vya watu! Alitikisa dele, tupu.

— Naenda kuongeza kahawa, alisema.

Akashika njia ya kwake, kweli. Lakini mlango wa kufulia upo palepale, na miguu ikakata kona.

Wakasikia mashine ikizima kabla ya wakati wake. Shemasi alikuwa wa kwanza mlangoni, Kicheko nyuma yake, Redio na simu juu, Josiane na kapu lake. Bi Mahfudha alikuwa katikati ya chumba, dele sakafuni, kitenge kibichi cha Cécile begani, vibanio viwili vimebanwa kwa meno, hata kujitetea hawezi.

Shemasi alimtazama. Akageuka, akazitazama kamba za buti zilizolegezwa.

— Funga viatu, alimwambia Kicheko. Tumechelewa.