Nerida Tregenza na Utando Juu ya Maji
(1961–2019)

Nerida Ruth Tregenza alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Ouyen, mji mdogo wa jimbo la Victoria, akiwa kifungua mimba wa Lindsay na Una Tregenza, wakulima wa ngano na wafugaji wa kondoo. Mdogo wake, Garth, alimfuata miaka miwili baadaye. Walikulia kando ya bwawa ambalo maji yake, kila kiangazi, jua liliyanywa kabla ya kondoo.

Alisoma Ouyen hadi sekondari, kisha akasomea kemia Melbourne, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1988. Baba yake alipomuuliza amesomea nini hasa, alijibu, "Kulifunika bwawa, Baba."

Mzee akasema, "Basi ungesomea useremala."

Kazi yake yote ilikuwa hiyo. Alitandaza polima, kemikali ya molekuli ndefu kama minyororo, juu ya maji, ikawa utando wenye unene wa molekuli moja tu, ili maji yasipotelee hewani. Kwa kuwa hauonekani kwa jicho, aliumulika kwa miale ya eksirei iliyolazwa karibu sawa na uso wa maji, na jinsi miale ilivyorudi ndivyo alivyojua unene wake, na kama molekuli zimeshikana au zimeachana. Maabarani zilishikana.

Mwaka 1992 aliolewa Ballarat na Desmond Kerslake, mwalimu wa muziki, wakajaliwa binti mmoja, Imogen. Desmond alizoea kumpelekea chakula maabarani na kuzuiwa naye mlangoni: "Des, usitembee. Viatu vyako vinatikisa maji ya beseni." Alisimama hapohapo, sahani mkononi, hadi pai ikapoa. "Wenzangu wameoa wanawake, mimi nimeoa beseni," aliwaambia watu, na Nerida ndiye aliyecheka kuliko wote.

Februari 2007, ukame ukiwa umekaza, Garth, aliyebaki akilima shamba la wazazi, alimkabidhi bwawa pekee lililobaki na maji shambani. Asubuhi utando ulikaa. Mchana upepo wa kaskazini ukavuma, ukaukunja wote na kuusukumia ukingoni.

Garth aliutazama ule ukoko kwenye matope. "Dada, blanketi lako limehamia kwa jirani."

Nerida hakucheka. Aliibadili polima, akaipima upya, akarudi mwaka uliofuata. Upepo nao ukarudi. Garth akauza kondoo, kisha shamba. Hakumlaumu dada yake hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Nerida zaidi. Mwaka 2013 mradi wa utando ulifungwa. Nerida akabaki kuwapimia wengine sampuli zao.

Mei 2019 alianza kukohoa. Daktari alipowasha picha ya mapafu akawa anatafuta pa kuanzia, Nerida alimwambia, "Usihangaike, daktari. Kusoma eksirei ndiyo kazi yangu." Saratani ilikuwa imeshasambaa.

Katika siku zake za mwisho Garth alikaa kando ya kitanda, akamuuliza kama utando ule ungeweza kushika siku moja.

"Hapana, Garth. Si kwa upepo wa kwetu."

"Haya, Dada," alisema, akaendelea kumshika mkono.

Alifariki tarehe 21 Septemba 2019 asubuhi, Melbourne, Desmond na Imogen wakiwa naye.

Ameacha mume, Desmond, binti, Imogen, na mdogo wake, Garth, pamoja na mkewe Lorna. Analazwa leo Ouyen, ubavuni mwa wazazi wake, na mvua bado haijanyesha.

Apumzike sasa, kwa ile amani ambayo kazi yake haikumpa.