Enid Hartigan, Aliyewagawia Watoto Utenzi wa Baba Yake

Marehemu Enid Pascoe Hartigan alizaliwa tarehe 14 Mei 1933 huko Hughenden, Queensland. Baba yake, mzee Clarrie, alikuwa mswagaji wa ng'ombe, na usingizi wa utotoni Enid aliupatia kwenye tenzi za porini. Utenzi mmoja, wa safari ya kiangazi, mzee aliutunga mwenyewe na akakataza usiandikwe. "Ukiuandika utausahau," alisema.

Enid alifundishwa kusoma na mama yake mezani jikoni, kisha akahitimu ualimu Brisbane mwaka 1954. Mwaka 1960 alianza kufundisha kwa redio ya mawasiliano, ya kusema na kujibiwa, watoto wa mashamba ya ng'ombe ya mbali. Jamani, kazi ile! Utenzi wa baba yake aliwagawia ubeti mmoja mmoja, kila mtoto aushike wake kichwani, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

"Mwalimu, nikighani mbwa wanabweka!" mtoto mmoja alilalamika.

"Waache wabweke, nao wajifunze. Endelea, mwanangu."

Tarehe 21 Septemba 1963 alifunga ndoa na Vern Hartigan, mkata manyoya ya kondoo. Vern alimposa kwa kulalama: "Wewe unaongea kutwa na watoto usiowaona, na mimi niliye mbele yako hunisemeshi!" Enid alicheka mpaka akakubali. Walijaliwa binti mmoja, Joyce. Vern alitangulia mbele ya haki mwaka 1989.

Juni 1998 Enid alipatwa na kiharusi, ulimi ukafa. Hapo ndipo sisi jamaa zake tuliposhtuka: hakuna mwingine aliyeujua utenzi wote. Tukiketi naye, midomo yake ilikuwa ikitafuta maneno, machozi yakimtoka, na sisi hatuna la kumsaidia.

Joyce akaweka redio kando ya kitanda, akawaita wanafunzi wa zamani popote walipo. Wakaitika! Watu wazima, wengine wameanza mvi, kila mmoja na ubeti wake, kwa zamu ileile ya utotoni. Enid alifumba macho akisikiliza. Baada ya ubeti wa sita, redio ikanyamaza. Wa saba ulikuwa wa Colin Maddern, aliyechukuliwa na mafuriko ya mwaka 1974 akiwa na miaka tisa. Enid akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja. Tukainamisha vichwa.

Kisha ikaja sauti ya kikongwe. "Hapa ni mama yake Colin. Alikuwa akiughani nikikanda mkate. Ngojeni kidogo, nikae."

*Tulikosa hata tone,*
*vumbi likajaa ndani;*
*wingu, njoo utuone,*
*tungali huku njiani.*

Miaka ishirini na minne mama yule alikuwa ameubeba, asimwambie mtu! Enid aliinua mkono wake mzima, akauacha juu mpaka wa nane akaanza. Utenzi ukafika mwisho.

Aliaga dunia kwa utulivu nyumbani kwake Longreach, asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1998.

Ameacha binti yake Joyce, wajukuu wawili Neil na Tess, mdogo wake Beryl, na watoto wake wa redioni, ambao wengi wao wameonana uso kwa uso leo kwa mara ya kwanza, hapa kaburini pake. Mwenyezi Mungu ampumzishe kwa amani.