Gramu Mia Moja na Arobaini

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamfikisha mpendwa wetu mahali pake pa mwisho, familia imemsimamisha mdogo wake awasomee safari ya maisha yake, na kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa vipimo, ambaye angemrudisha hata fundi wa jeneza kwa nusu sentimita, aliacha agizo kwamba historia hii isipunguzwe wala isiongezwe, na kwamba mahali alipokosea pasomwe kwa sauti ileile itakayosoma mahali alipopatia.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, saa moja na robo asubuhi, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu aliyekuwa fundi cherehani, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, na mama yetu, hadi uzeeni mwake, alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alijifunza kutambaa kwa kuifuata tepu ya kupimia nguo, si kwa kuufuata uji.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1971, akaendelea na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, ambako mwalimu wa fizikia, baada ya kubishana naye wiki nzima juu ya jibu lililotofautiana na la kitabu kwa tarakimu moja ya mwisho, alimbandika jina la Gramu, nalo likamganda hata wakwe zake wakamjua kwa jina hilo, na ieleweke kwamba kilichokosea siku ile kilikuwa kitabu. Tarehe 30 Juni 1978 alihitimu chuo cha ufundi, fani ya vipimo.

Aliajiriwa tarehe 2 Januari 1979 katika ofisi ya mizani na vipimo, akazunguka masokoni miaka kumi na tisa na sanduku lake la mawe ya mizani, na wauza nyama walipomwona mlangoni walinong'onezana, "Gramu huyo, toa kidole," naye alijifanya hasikii mpaka kidole kitoke. Tarehe 1 Septemba 1998 alihamia taasisi ya utafiti wa bahari, akapewa chumba cha ghorofa ya chini chenye tangi la maji, mizani mbili, dirisha moja lisilofunguka, na ufunguo ambao hakuwahi kumwazima mtu.

Mwezi Mei 2006, nchi tatu zinazoizunguka bahari moja zilitia saini makubaliano ya kuipima bahari hiyo kwa pamoja, kwa kutumia nyambizi ndogo za rangi ya njano, zenye urefu wa mtu mzima aliyelala, zisizo na mtu ndani wala rafadha ya kuzisukuma nyuma, ambazo huzama kwa kujifanya nzito kidogo na huibuka kwa kujifanya nyepesi kidogo, zikipima joto na chumvi ya maji wiki hadi wiki, na kila ziibukapo huinua mkia na kutuma habari kwa setilaiti. Kazi ya marehemu ilikuwa kuzipima kabla ya safari, kwa sababu maji ya kila mahali yana uzito wake, na nyambizi iliyozidi kwa kipande kimoja tu cha sabuni inaweza kuzama na isirudi. Kwa kuwa vyombo hivyo vilivuka kutoka maji ya nchi moja kwenda ya nyingine, wapimaji na waongozaji wa nchi zote tatu walijiwekea desturi, ambayo marehemu ndiye aliyeipendekeza, kwamba hakuna lililokabidhiwa, liwe chombo au agizo, mpaka anayepokea atamke maneno matatu, nimeona, nimepima, nimepokea, na kabla hajatamka, mzigo unabaki wa yule aliyeutoa.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu tuliye naye hapa, muuguzi wa wodi ya wazazi, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1986, wa pili 1989, na binti yao kitinda mimba 1994. Siku moja mkewe, akiwa amechoshwa na habari za nyambizi mezani, alimtania, "Wewe baba, vyuma unavijua kwa gramu, huyu mwanao alizaliwa na uzito gani?" naye bila kuinua macho kwenye sahani akajibu, "Kilo tatu na gramu mia mbili na kumi, ukitoa kitambaa, ambacho ninyi wauguzi hamkukitoa." Ameacha pia wajukuu wanne, na wa tano ni yule ambaye wahenga walimwita majuto, na kwa habari za huyo, agizo la marehemu linatulazimu turudi kwenye chumba cha tangi.

Ijumaa tarehe 19 Aprili 2013, saa nane mchana, nyambizi iliyokuwa iende kuanza kazi katika nchi ya pili ilikuwa imekwisha kupimwa kwa siku tatu na kufungwa ndani ya sanduku lake, wakati simu ilipolia, na aliyepiga alikuwa mpimaji mwenzake wa nchi hiyo, mwanamke ambaye marehemu mwenyewe alimfundisha kazi kwa wiki sita mwaka 2007 katika chumba kilekile. Alisema, "Kaka Gramu, huku mvua zimetuwahi, mto umemwaga maji yake baharini, chumvi imepungua, maji yamekuwa mepesi, kwa hiyo toa gramu mia moja na arobaini kabla hujaisafirisha. Tangi letu linavuja, siwezi kuipima tena ikifika, kwa hiyo nakutegemea wewe." Marehemu akamjibu, "Nimeona, nimepima, nimepokea, dada," akakata simu, na hakufungua sanduku. Fundi umeme wa chumba kile, ambaye yupo hapa leo na ameridhia tulisome hili, alimwambia, "Mzee, bisibisi hii hapa, si tufungue tu?" naye akasema, "Mtu niliyemwonyesha mizani inavyoshikwa, leo anifundishe mimi kupima. Kaza skrubu." Hakuwa na haraka siku ile, hakuwa na mgonjwa nyumbani, hakuwa na sababu yoyote ambayo familia ingeweza kuishika mkono na kuileta mbele yenu, isipokuwa kwamba alikuwa hajawahi kukosea, na alidhani hilo lilikuwa sawa na kutoweza kukosea.

Nyambizi ilishushwa baharini Jumamosi tarehe 27 Aprili, ikazama vizuri, na haikuibuka tena kutuma habari, na hesabu zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba ilielemewa, ikalala katika tope la mto kwenye sakafu ya bahari, ambako ipo mpaka leo. Tarehe 11 Juni, katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya tatu, kamati ya nchi tatu ilimuuliza marehemu kama alipata agizo lolote la kupunguza uzito, akajibu, "Sikupata maandishi yoyote," jibu ambalo yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, alilieleza kuwa lilikuwa sahihi kwa gramu na potofu kwa kilo. Mwenzake alisema alipiga simu na akajibiwa kwa maneno yale matatu, lakini hakuwa na karatasi, na kati ya neno la mwanafunzi na sifa ya Gramu, kamati ilichagua sifa, ikaandika kwamba mwanamke huyo ndiye aliyeshusha chombo bila kukipima upya, akaondolewa kazini tarehe 1 Julai, nchi yake ikajitoa, na makubaliano yakasimama hadi Agosti 2017. Katika ukuta wa korido ya taasisi ulibandikwa mchoro mrefu wa joto la bahari, wenye rangi mwaka baada ya mwaka, na mwishoni mwake ukanda mweupe uliorefuka hadi kufikia miaka minne ambayo hakuna aliyeipima, na marehemu aliupita ukanda huo kila asubuhi akienda kufungua chumba chake, mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2017, miezi mitano kabla rangi hazijarudi.

Barua ya kwanza ya kumwomba mwenzake radhi aliiandika tarehe 2 Julai 2013, lakini hakuituma, kwa sababu hakuridhika nayo, na hakuridhika na ya pili, wala ya kumi, na baada ya kifo chake binti yake kitinda mimba amezihesabu katika boksi la viatu rasimu thelathini na moja, zote zikiwa na namba na tarehe, zote zikiwa zimesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Katika moja alikata neno nilisahau, kwa kuwa hakusahau, katika nyingine alikata sikuzingatia, kwa kuwa alizingatia, katika ya ishirini na sita alikata huenda, na pembeni akajiandikia, "Mizani haisemi huenda." Ukali uleule uliomfanya aaminiwe na nchi tatu ndio uliomnyima hata aya moja ya kutuma, akiisubiri barua isiyo na dosari, huku mwenye haki yake akifundisha hesabu katika shule ya sekondari, mbali na bahari aliyoipenda.

Marehemu alianza kuugua figo Septemba 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, naye alimwambia daktari wake kwamba mizani ya wodi inazidisha gramu mia mbili, ikapimwa, ikaonekana inazidisha mia mbili na kumi. Jumapili tarehe 28 Januari 2024, akiwa kitanda namba tisa kando ya dirisha, alimwita kitinda mimba wake akamwambia, "Mama, leo andika wewe, na ile kalamu nyekundu iache nyumbani," akamtamkia barua nzima kwa pumzi chache, na maneno yake yalikuwa haya, "Dada, ulisema nikasikia, nikakataa. Nilitamka nimepima, sikupima. Chombo nilikizamisha mimi, nawe nikakuzamisha pamoja nacho." Binti alipotaka kumsomea arekebishe, alikataa kwa mkono.

Barua ilitumwa tarehe 30 Januari, na nakala yake kwa mkurugenzi wa taasisi, ambaye tarehe 2 Februari alijibu kwamba ripoti ya mwaka 2013 itafunguliwa upya na kusahihishwa. Rejista ya posta inaonyesha kwamba mwenzake alitia saini Jumatatu tarehe 5 Februari. Marehemu aliaga dunia kesho yake, Jumanne tarehe 6 Februari, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, miezi kumi na siku ishirini na tatu, bila kupata jibu, na hadi tunaposimama hapa jibu halijafika, wala familia hailidai, kwa kuwa mwenzake kuona ameshaona, lakini kupima kwataka muda, na kupokea ni hiari yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliovumilia kusahihishwa na mgonjwa, inawashukuru majirani waliotupokelea wageni na kutuachia vyumba vyao, na inawashukuru wafanyakazi wenzake wa nchi zote tatu, waliokuja na waliotuma salamu. Mwisho, na kwa uzito kuliko wote, inamshukuru mpimaji wa nchi ya pili, ambaye tarehe 19 Aprili 2013 alisema kweli, na akaisema kwa wakati.

Nawe kaka, desturi uliiweka mwenyewe, kwamba mzigo hubaki wa aliyeutoa mpaka apatikane wa kuupokea, na kwa kuwa yeye bado hajatamka, hatutaki uubebe huko uendako. Tumeona, tumepima, tumepokea. Pumzika kwa amani.